Mazoezi ya kulinda moyo baada ya saratani ya matiti

Mdogo wa mgonjwa, Kampala: Habari zenu. Dada yangu amemaliza matibabu ya saratani ya titi la kushoto, yakiwemo dawa ya saratani iitwayo doksorubisini na mionzi, na sasa akipanda ngazi anahema sana. Jamaa wanamshauri apumzike tu. Je, mazoezi yatamdhuru moyo?

Muuguzi: Poleni kwa kuuguza. Kuhema huko kuchunguzwe kwanza, kwa maana doksorubisini huweza kudhoofisha misuli ya moyo hata miaka kadhaa baada ya dozi ya mwisho; aombe kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na bahati nzuri pale Mulago Taasisi ya Saratani na ile ya Moyo ni majirani. Daktari akimruhusu, atembee. Lengo la kawaida ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba, ila aanze na dakika 10, tena barabara tambarare, si kilima cha Namirembe! Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au miguu kuvimba, asimame na arudi hospitali.

Mdogo wa mgonjwa: Asante. Na kubeba jerikani la maji?

Mtaalamu wa viungo: La lita 20 bado, kwani ni takriban kilo 20 kwa mkupuo. Aanze kwa kuinua chupa ya nusu lita, akiongeza uzito kidogo kidogo. Mkono wa upande uliopasuliwa ukivimba au ukiwa mzito, apunguze na atuone.