Naomba ushauri: seva zibaki ofisini, zihamie kwenye wingu, au tuchanganye?

Wakuu, habari zenu. Mimi ndiye fundi pekee wa mifumo kwenye kampuni ya watu 40. Tuna seva mbili kwenye chumba kidogo nyuma ya uhasibu. Moja feni yake inanguruma kama trekta, na taa ya diski imekuwa ya njano tangu wiki iliyopita. Bosi anataka tuhamishe kila kitu kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti. Mimi naona bora mseto: hifadhidata ya wateja na mishahara ibaki kwetu, tovuti na nakala za akiba ziende AWS au Azure (huduma za wingu za Amazon na Microsoft).

Mwisho wa mwezi mzigo unapanda ghafla, siku nyingine seva zinasinzia tu. Kwenye wingu ningekodi nguvu ya ziada kwa siku hizo chache badala ya kununua mashine ya kukaa bure. Na chumba kikiungua, nakala zitakuwa kwingine. (Sasa hivi ziko kwenye diski iliyowekwa juu ya seva ileile, msinicheke.)

Kinachonitia hofu ni bili ya kutoa data: kuingiza huwa bure, kuitoa unalipia kwa gigabaiti. Halafu tovuti ikiwa kule na hifadhidata huku, kila ombi linavuka VPN, ile njia iliyofichwa kwa usimbaji inayopita kwenye intaneti. Intaneti ya ofisi ikikatika, tovuti inabaki sura tu.

Mliopitia hili, mliweka nakala ya kusoma ya hifadhidata (inayosomwa tu, mabadiliko yanatoka kwenye ile kuu) kulekule kwenye wingu? Na VPN ya kawaida inatosha, au nilipie laini maalumu?