Sokwe wa Gombe anaabudu? Tujadili bila matusi

Mtu wa Bangwe (mleta mada):
Wakuu, salaam. Juzi tulipeleka wanafunzi Hifadhi ya Gombe, hapa Kigoma, kwa boti kutoka Kibirizi. Pale kwenye maporomoko ya Kakombe, kijana anayeongoza wageni akawaeleza watoto kwamba sokwe dume akifika hapo manyoya humsimama, akaanza kuyumba mguu huu mguu ule, akarusha mawe na matawi, akajibembeza kwenye kamba za porini mbele ya maji. Akichoka hukaa chini akayatazama tu yanavyoanguka. Kisha kijana akamalizia: "Huenda dini ilianza hivi hivi." Jioni simu za wazazi hazikukatika. Wapo wanaotaka safari zifutwe, eti tunawafundisha watoto ukafiri.

Wazo lenyewe kijana hakulitunga. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, alilisema mara nyingi: kwamba vishindo vile pengine vinatokana na mshangao wa namna ile ile iliyowafanya watu wa kale waabudu maji na jua.

Msimamo wangu: wazazi wanalinda mpaka kati ya mtu na mnyama, ambao wanadamu tumeuhamisha kila ulipovukwa. Tuliambiwa mtu ndiye pekee atengenezaye zana. Mwaka huo huo wa 1960 sokwe wa Gombe akaonekana akipukuchua majani ya kijiti ili avulie mchwa kichuguuni. Basi mpaka ukapelekwa kwenye lugha, na sasa uko kwenye ibada. Je, tumechunguza tukaona ndani ya sokwe hamna kitu, au tuliamua kabla ya kuangalia? Tiririkeni.

Ustadhi wa Ujiji:
Wazazi Waislamu wanaoogopa wasome kwanza. Suratul-Israa aya ya 44: hakuna kitu ila kinamsabihi Mwenyezi Mungu, lakini hamfahamu tasbihi zao. Suratul-An'aam aya ya 38: wanyama na ndege ni umma kama nyinyi. Kwa hiyo kusema sokwe anamtukuza Mola wake si ukafiri hata chembe. Hata lile jiwe analolirusha linasabihi.

Tatizo liko kwingine. Ibada yenye hesabu inataka akili na hiari, na taklifu hiyo, yaani wajibu wa kutii, wamebebeshwa watu na majini. Asiyeweza kuasi hawezi kusifiwa kwa kutii. Na huyo kijana aliposema dini "ilianza" na maporomoko, hakuwa anazungumzia sokwe tena, alikuwa anazungumzia Mitume na wahyi, yaani ufunuo. Hapo simfuati.

Biolojia Kidato cha Sita:
Mnakwenda mbio wakubwa zangu. Dume huyo huyo hufanya vurugu kama hizo mvua kubwa ikianza, na akitaka kuwatisha wenzake. Maji yanaguruma, upepo unavuma bondeni, damu inamchemka. Kuna ibada gani hapo?

Mwaka 2016 watafiti waliripoti sokwe wa Guinea na nchi za jirani wanaoutupia mti mmoja mawe mpaka yanarundikana shinani. Magazeti yakakimbilia "hekalu", wakati huenda ni kujitapa tu au kupeleka sauti mbali. Na kabla hamjawavisha kanzu hawa wa kwetu, kumbukeni 1974 hadi 1978: madume wa kundi la Kasakela waliwavizia wenzao wa kundi la Kahama (ya Gombe, si ya Shinyanga) mmoja mmoja hadi kundi likaisha.

Mtu wa Bangwe:
Mdogo wangu, hoja ya vita ingenitisha kama watu wanaosali wangekuwa hawauani.

Hiyo ya damu kuchemka ndiyo nzito, tukae hapo. Mtu akilia msibani, daktari anaweza kukueleza tezi za machozi mwanzo hadi mwisho na asiwe amegusa huzuni hata kidogo. Ukijua mwili unavyofanya kazi hujafuta kilichomo ndani, wala hujakithibitisha. Mwanafalsafa Descartes mwaka 1637 aliandika kwamba wanyama ni kama mashine, na nadhani wewe unamrudia bila kumtaja.

Mama wa Parokia:
Kwa upande wa Wakatoliki, hatukufundishwa kwamba mnyama hana roho. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, alisema mmea una roho ya kukua, mnyama ana ya kuhisi, mtu ana yenye akili, na hii ya mwisho ndiyo isiyokufa pamoja na mwili. Halafu msome Mhubiri 3:21, anauliza nani ajuaye roho ya mwanadamu kama inapanda na ya mnyama kama inashuka. Biblia yenyewe imeuliza, nyie mna haraka gani ya kufunga mjadala?

Fundi Boti:
Wasomi, mbona mmewaruka wazee wetu? Wazungu waliopita Ziwa Tanganyika karne ya 19 waliandika jinsi wapiga makasia walivyotupa shanga majini wakipita rasi ya Kabogo, ili mzimu wa pale asichafue ziwa. Mtu anatupa shanga, sokwe anatupa jiwe. Ila mwenye shanga ukimuuliza anampa nani, anakujibu.

Mtu wa Bangwe:
Fundi, hii ndiyo hoja ngumu kuliko zote humu. Lakini bubu asiyefundishwa ishara naye hatakujibu. Utasema haabudu?

Ustadhi wa Ujiji:
Bubu mfundishe leo, kesho atakujibu. Sokwe mfundishe miaka.

Mtu wa Bangwe:
Miaka mingapi, Ustadhi, ndiyo tuseme tumemaliza kumfundisha? Kwa safari ijayo napendekeza hivi: watoto waelezwe alichofanya sokwe, waambiwe wazo la dini ni la Goodall, kwa jina lake, kisha Israa na Mhubiri zisomwe darasani wakirudi.

Mzazi wa Gungu:
Mwalimu, mwanangu haendi mpaka mwalimu wa dini awemo ndani ya boti, si darasani baada ya siku tatu.