Mjadala: Wanafunzi wa usanifu majengo Dar walazimishwe kuchora picha za rangi na kubuni mabango?

Mtoa hoja: Wadau, mimi nasema ndiyo, tena muhula mzima. Msanifu wa Ujerumani Peter Behrens alianza na uchoraji. AEG, kampuni ya umeme, ilipomchukua mwaka 1907 alibuni mabango ya taa zao, na mwaka 1909 akawasanifia ukumbi wa mitambo Berlin. Charles Rennie Mackintosh, msanifu wa Scotland, vilevile: bango lake la 1896 la The Scottish Musical Review lina urefu wa karibu mita 2.5, mistari imesimama wima, na wima huohuo aliutumia kwenye jengo la Shule ya Sanaa ya Glasgow alilolisanifu. Bango hukufundisha kuamua ni kitu gani kionekane kutoka ng'ambo ya barabara.

Mpinzani: Mackintosh umemtaja nusu, ndugu yangu. Zile rangi za maji za Port-Vendres, Ufaransa, alizipaka 1923 hadi 1927, kazi za majengo zikiwa zimeshamkauka. Vijana wetu wanakwama kwenye mteremko wa paa na mifereji ya maji ya mvua. Muhula mzima wa brashi utawasaidia nini?

Mtoa hoja: Utawafundisha kivuli, na Dar kivuli ni nusu ya jengo. Juni, jua la adhuhuri liko kaskazini, kimo chake nyuzi 60 hivi. Ukingo wa zege uliochomoza milimita 600 juu ya dirisha la ukuta wa kaskazini unatupa kivuli cha takriban mita 1 ukutani. Ukuta wa magharibi, jua la jioni linapita chini ya ukingo huohuo hadi ndani. Aliyechora kuta hizo mbili kwa rangi hawezi kurudia dirisha lilelile pande zote.

Mchapaji: Basi fanyeni kwa utaratibu. Karatasi ya rangi za maji iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ilowekwe, ibandikwe ubaoni kwa tepu ya gundi, ikauke usiku kucha. Masika ipeni muda zaidi. Mkirudia rangi kabla ya ile ya chini kukauka, maji yanarudi nyuma na kuacha madoa yenye kingo. Bango la A1 ni milimita 594 kwa 841, ongezeni 3 kila upande za kukatia. Kwa uchapaji wa skrini, yaani kusukuma rangi kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu, rangi zisizidi mbili: kila rangi ina fremu yake, ikisogea kidogo tu mpaka mweupe unatokea katikati. Rangi nyeusi zaidi ipande kidogo juu ya nyingine.

Mpinzani: Kama zoezi lenyewe ni hilo la kivuli, nakubali wiki 4, kwa jengo lao la studio. Ila bango lisipewe alama kabla ya mchoro wa mkato wa paa (unaoonyesha paa kama limekatwa) kukamilika, mfereji ukiwemo.