Mfanyakazi mwenzio akiwa mbishi wa kila kitu, unaishi naye vipi? Tupeane uzoefu

Mwana_Chuda: Wakuu, salaam. Nimetoka kazini hoi, na kazi yenyewe leo haikuwepo. Niko ofisi moja ya wakala wa forodha hapa Tanga, tuko wanne chumba kimoja, na mmoja wetu ukisema tu, keshakataa. Asubuhi nimeandika tarehe kwenye daftari la wageni, akasema nimekosea. Kalenda ipo ukutani, nikamwonyesha. Akasema kalenda imechapwa vibaya.

Hilo nilicheka. Lakini wiki iliyopita mteja kasimama dirishani, mzee wa watu katoka Lushoto na basi la alfajiri, namwambia kontena lake limeshatoka bandarini, moyo wake utulie. Nasikia nyuma yangu: "Halijatoka." Nikageuka, nikasema limetoka, karatasi hizi hapa. "Karatasi si kontena." Yule mzee akakaa chini palepale sakafuni, akampigia bosi simu huku sauti inamtetemeka. Wakati huo kontena liko Kange linashushwa! Tukaitwa wote wawili, na aliyepewa barua ya onyo ni mimi, eti nimeshindwa kumtuliza mteja. Sasa hivi hata usingizini nabishana naye. Mliopitia haya mliishije?

MamaVisheti: Pole mwanangu. Wangu mimi alibisha kuwa sina mimba. Nilikuwa na miezi saba.

Baraza_la_Kahawa: Nimekaa hapa na kashata zangu, endeleeni.

Nesi_wa_Usiku: Umenigusa pabaya. Kuna dada nilikuwa napokezana naye zamu ya usiku, jina la hospitali tuliache. Kupokezana wodi ni dakika kumi na tano, kitanda kwa kitanda: huyu kapewa dawa gani, yule dripu yake imeanza saa ngapi. Kwake yeye ilikuwa saa nzima. Ukisoma "saa mbili usiku", anasema "mbili na robo". Ukisema bibi amekula uji, anasema ule haukuwa uji, ni maji ya uji. Siku moja tumesimama miguuni pa bibi mmoja wa Pongwe, tunavutana faili, yule bibi akafumbua macho akasema, "Wanangu, kabishaneni nje. Mimi nikifa mtaniandika kila mtu saa yake."

Nililia chooni, wallahi. Kuanzia siku ile nikawa naandika kila kitu kabla hajafika, namkabidhi daftari, naye anasaini. Akitaka kubisha, abishane na mwandiko.

Shoga_wa_Ngamiani: Daftari la nini, shoga! Sisi tuko cherehani sita kwenye baraza moja, Ngamiani, na mbishi wetu tulimaliza naye kwa kanga. Jumatatu nikavaa "Hasidi hana sababu", nikapita mbele yake kuchukua mkasi, nikarudi, nikapita tena kuchukua uzi. Jumanne akaja kavaa "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Wiki nzima hakuna aliyefungua mdomo, na nguo za watu zilitoka kwa wakati.

Raskazone_Juu: Hiyo ya pili si ya kujibia ya kwanza. Haina mpasho ndani yake, ni dua ile.

Shoga_wa_Ngamiani: We baba, ulikuwepo barazani?

Kofi_Moja: Ushauri wangu mfupi: usimguse. Mimi wangu nilimzaba kofi ghalani, mbele ya wapagazi. Nikapewa barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, siku mbili za kujiandaa, siku ya tatu niko nje. Kumpiga mfanyakazi mwenzako kumetajwa kabisa kwenye kanuni za kazi za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, miongoni mwa makosa makubwa. Mdomo wake yeye nimeutafuta humo kifungu kwa kifungu, sikuuona. Bado yupo pale ghalani, nasikia sasa ni msimamizi.

Sahare_Pwani: Si ungeenda CMA, ile tume ya migogoro ya kazi?

Kofi_Moja: Nilikwenda nimechelewa. Siku 30 zilishapita.

Raskazone_Juu: Siku 60.

Kofi_Moja: 30 ukiachishwa kazi. 60 ni migogoro mingine. Haya nimejifunza kwa njaa, usinifundishe.

Raskazone_Juu: Basi ungesema hivyo tangu mwanzo.

MamaVisheti: Mwana_Chuda, mletee visheti. Mtu anayetafuna habishi.

Mzee_Korona: Vijana, na mimi niseme, ingawa nitawaudhi. Nimekata mkonge upande wa Muheza miaka ya sabini. Fungu moja majani 30, karani anapita anahesabu mafungu, anaandika, ndio posho yako hiyo. Tulikuwa na mwenzetu hakuna alichokubali, hata jua likichomoza anauliza nani kasema. Tulimchukia. Karani akisema mafungu sabini, yeye anasema sabini na manne, tuhesabu upya. Tunarudi shambani na njaa, tunahesabu: sabini na manne. Kesho yake vilevile. Ikaja kugundulika kila mmoja wetu alikuwa anaibiwa mafungu matatu manne kwa siku, na sisi wapole tumekaa kimya miezi. Alipohama kwenda kwenye korona, ile mashine ya kusindika mkonge, karani alifanya sherehe. Kwa hiyo kabla hujamchukia mtu, hesabu kwanza majani.

Sahare_Pwani: Mzee umesema kweli tupu. Mkonge wetu huo, Waingereza walituletea na makarani wezi juu.

Raskazone_Juu: Si Waingereza. Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, vipando kutoka Florida. Vilivyofika vizima ni 62, vikapandwa upande wa Pangani.

Sahare_Pwani: Haya, Mjerumani. Tulikuwa tunazungumza mkonge hapa?

Raskazone_Juu: Umeutaja wewe.

Nesi_wa_Usiku: Huyu bwana nampokea zamu saa ngapi jamani?

Karabai: Nyie wa maofisini mna bahati, ukichoka unatoka nje. Mimi kazi yangu boti ya dagaa, Kigombe. Watu saba, na usiku hakuna mlango.

Fundi wetu wa mashine ni mbishi wa kuzaliwa. Mwezi uko gizani, tunatayarisha kutoka, nahodha akasema tupakie madumu matatu ya petroli. Fundi akasema mawili yanatosha, la tatu ni uzito tu. Wakavutana mpaka maji yakaanza kupungua, tukasukuma boti, na dumu la tatu likabaki mchangani. Kila mmoja alidhani mwenzake kalipakia.

Saa nane usiku mashine ikakohoa, ikazima. Kusi linasukuma, mkondo nao unapanda kaskazini, taa za pwani zinasogea kama mtu anazivuta na kamba. Nahodha akasema tufunge turubai kwenye mti, liwe tanga. Fundi akasema turubai halikamati upepo. Tuko baharini hatuna mafuta, bado anabisha! Nahodha akainua kasia, sijui alitaka kumtisha au kumpiga kweli, boti ikayumba, nikasikia maji. Fundi hayupo.

Giza ndugu zangu. Tukawasha taa ya dagaa, unaona mita chache tu, mbele yake weusi. Tunaita jina lake, kimya. Mmoja wetu akaanza kusoma Yasini. Nahodha akasema kwa sauti, "Atakuwa upande wa kulia, mkondo umempeleka kulia." Mara tukasikia kutoka gizani: "Si kulia! Kushoto!"

Wallahi hiyo ndiyo iliyomwokoa. Tulikuwa tukimbishia makusudi ili aendelee kusema. Nahodha: "Kulia!" Yeye: "Kushoto, kushoto wewe, una masikio?" Tukaifuata sauti kwa makasia mpaka tukamshika ukosi. Kulipokucha tuko usawa wa kisiwa cha Yambe, boti ya watu wa Deep Sea, soko la samaki la Tanga, ikatuvuta. Mpaka leo anasema hakuanguka, aliruka.

MamaVisheti: Subhanallah.

Baraza_la_Kahawa: Kashata zimeniisha, nimekula na karatasi.

Raskazone_Juu: Kusi likivuma vile, boti ndogo za dagaa hazitoki.

Karabai: Ilikuwa mwisho wa Septemba, linapungua. Na wewe ungeanguka tungekuona haraka.

Sahare_Pwani: 😂😂😂

Shoga_wa_Ngamiani: Mwana_Chuda umeshalala? Uzi wako umeingia baharini.

Mwana_Chuda: Nipo, nasoma. Nimechukua la daftari. Kesho namwandikia namba ya kontena na saa liliyotoka, asaini kabla mteja hajafika dirishani. Akikataa kusaini na hiyo naiandika. La kanga nimwachie Shoga. Ila Mzee Korona umenitia wasiwasi, nakumbuka mwezi wa tatu alibisha ankara moja na kweli ilikuwa na makosa.

Mzee_Korona: Eeh. Hesabu.

Kofi_Moja: Na mikono mfukoni.

Mwana_Chuda: Karabai, bado mnatoka naye huyo fundi?

Karabai: Jana usiku tulikuwa naye. Madumu nahesabu mimi, nikimaliza anahesabu tena yeye.