Maua ya njano kwenye fensi: ni alizeti pori? Na inapandwaje kwa ajili ya mbolea?

Bonde_la_Muheza:
Wakuu, habari za humu. Pembeni ya shamba kuna kichaka cha maua ya njano, kimo kama mita 2.5, ukikikata kinachipua tena. Jirani mmoja anasema ni alizeti pori, mbolea safi ya kijani. Mwingine anasema ni gugu, ling'olewe. Naitambuaje kwa uhakika? Nataka niongeze mita 50 za fensi, ila mbegu zilizovunwa juzi na kufukiwa kama mahindi hazijaota. Na kwa matuta ya nyanya na mchicha, majani kiasi gani?

Shina_na_Jani:
Anza na jani, ua litakudanganya. Alizeti pori (*Tithonia diversifolia*) mengi ya majani yake yamegawanyika kuwa ndimi 3 hadi 5, na ukiyafikicha yananuka kali. Kisha pasua kikonyo chini tu ya ua: kimetuna kuelekea juu, ndani kitupu. Alizeti ya mafuta ina jani zima lenye umbo la moyo, na hufa baada ya msimu mmoja. Ukiona petali za rangi ya chungwa iliyokolea, hiyo ni ndugu yake, *Tithonia rotundifolia*, nayo ni ya msimu mmoja, usiihangaikie. Ile ya njano inayotambaa chini kwenye bustani za mahoteli ni kitu kingine kabisa.

Bonde_la_Muheza:
Kikonyo kitupu, ndimi tatu. Basi ndiyo yenyewe. Mbegu je?

Kitalu_Vihiga:
Mbegu mbichi huwa bado zimelala, zihifadhi pakavu miezi kadhaa kwanza. Halafu zinataka mwanga: ukizifukia kina cha mahindi umezizika. Zimwage juu, nyunyiza mchanga kidogo na nyasi chache. Lakini kwa fensi achana na mbegu, tumia pingili. Chagua shina lililokomaa, lenye ukuni. Lile laini la kijani huoza. Kata vipande vya sentimita 30, chomeka vikiwa vimelala kidogo upande, nusu ardhini, macho yakitazama juu, siku hiyo hiyo ya kukata, mvua ikiwa imeshika. Ukiacha sentimita 30 kati ya pingili, mita 50 ni pingili kama 170. Kata 200, zitakazokufa uzibe mapengo.

Udongo_Kwanza:
Kuhusu mbolea, majani makavu yana naitrojeni takriban 3.5%, fosforasi 0.37% na potasiamu 4.1%. Kiwango kinachotumika sana ni tani 5 za majani makavu kwa hekta, yaani nusu kilo kwa mita ya mraba. Majani mabichi ni maji karibu 80%, kwa hiyo pima kilo 2.5 mbichi kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita 1 kwa 10 linakula kilo 25. Kata majani na ncha laini kabla ya kuchanua, yakatekate, yachanganye na udongo sentimita 15 za juu. Mashina magumu usiyafukie, yanachelewa kuoza na hushika naitrojeni ya udongo, mazao yakaikosa.

Kwa ekari nzima ya mahindi ni tani 10 mbichi. Kuzikata na kuzibeba ni kazi ya kuvunja mgongo. Hapo bei ya mahindi hailipi. Kwenye nyanya inalipa.

Bonde_la_Muheza:
Nikishafukia napanda siku hiyo hiyo?

Udongo_Kwanza:
Miche ya nyanya subiri wiki moja. Mchicha wa kumwaga mbegu subiri wiki mbili au zaidi, kwa sababu majani mabichi yana kemikali zinazozuia mbegu kuota. Wengi husingizia mbegu mbovu.

Pia fahamu, mmea huu si jamii ya kunde, hautengenezi naitrojeni kutoka hewani. Ukikata ndani ya shamba lako unahamisha tu rutuba kutoka kona moja kwenda nyingine. Faida halisi ni ukiyaleta majani ya kando ya barabara. Udongo wenye upungufu mkubwa wa fosforasi bado utahitaji mbolea ya fosforasi ya dukani, kama TSP au minjingu.

Kitalu_Vihiga:
Na yule jirani wa pili hajakosea. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na ikiachwa hapa inateka ardhi. Mbegu ni nyepesi, zinakwenda na upepo na maji, hivyo usipande kingo za mto wala karibu na msitu. Punguza hadi nusu mita kila maua yanapoanza kuchomoza, na mashina uliyokata yaanike juani hadi yakauke. Ukiyatupa kwenye tope yataota mizizi.