"I work hardly" ina kosa gani? Wajuzi wa Kiingereza nisaidieni

Karani_Mpya: Wakuu, kwenye barua ya maombi ya kazi kuna sentensi "I work hardly". Mhariri kaifuta, kaweka "I work hard". "Slow" inazaa "slowly", "quick" inazaa "quickly". Mbona "hard" inakataa?

Fundi_Sarufi: Mkuu, kwa mwajiri, hiyo sentensi inasomeka kama unasema kazi hufanyi! "Hard" ni kivumishi na ni kielezi vilevile, haibadiliki: "She works hard", anajituma. "She hardly works", huyo kazi haigusi. Angalia na nafasi yake. "Hard" hufuata kitenzi, ila "hardly" hutangulia kitenzi kikuu na kukaa nyuma ya kisaidizi: "I can hardly walk", natembea kwa shida.

Mpenda_Asili: Niongezee chanzo. Kiingereza cha Kale kilikuwa na vielezi viwili, "hearde" na "heardlice". Cha kwanza kilidondosha irabu ya mwisho kikafanana na kivumishi, ndiyo maana hakina -ly. "Fast" ilipita njia hiyohiyo. Cha pili kilianza na maana ya ukali na ushupavu, karne ya 15 kikawa "kwa taabu", na kufikia miaka ya 1540 kikawa "karibu hapana". Ukishika hiyo hatua ya kati hutachanganya tena: jambo linalofanyika kwa taabu liko jirani na kutofanyika.

Fundi_Sarufi: Sahihi kabisa. Na kwa kuwa "hardly" tayari inakanusha, usiibebeshe "not" nyingine. "I can't hardly hear you" utaisikia mitaani kwao, lakini kwenye barua rasmi au mtihani ni kosa. Hata swali la mkiani huwa la kukubali: "He hardly speaks, does he?" Ukiandika "doesn't he" umekosa. Huenda pia na "any" na "ever": "hardly anyone came", watu karibu hawakuja, "hardly ever", kwa nadra sana.

Karani_Mpya: Asanteni sana. Na ikianza sentensi?

Mpenda_Asili: Hapo kisaidizi kinaruka mbele ya kiima: "Hardly had we sat down when it started to rain." Ile kukaa tu, mvua ikaanza. Wengi huweka "than" badala ya "when". Hiyo "than" ni ya "no sooner".