Naomba ushauri: mke wangu ana mimba na magego yake yamezibwa na zebaki

Habari zenu wapendwa, mke wangu ana mimba changa na ana magego yaliyozibwa kitambo na ile dawa ya rangi ya fedha, moja limeanza kuwa jeusi pembeni na usiku anasaga meno hadi namsikia. Sasa nimesoma kuwa hiyo kitu karibu nusu yake ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba, na ukitafuna ama kusaga meno inatoa mvuke kidogo unaingia mwilini. Daktari wa meno hapa mtaani Umoja anataka azitoe zote haraka, lakini mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilisema 2020 wajawazito waepuke kuwekewa mpya, na za zamani kama ziko sawa zisitolewe tu, maana ukizichimba mvuke unaongezeka. Mimi naona tungoje ajifungue kwanza, yeye hana amani kabisa. Kuna mtu amepima zebaki kwa mkojo hapa Nairobi, ni pesa ngapi? Na huko kusaga meno usiku, kuna kitu anaweza kuvaa? Nisaidieni jameni.